Misa ya Gari la Edouard

Ukuta wa chumba cha kulala cha Edouard na Domitille ulikuwa na ufa, na kila mgeni aliyeingia nyumbani kwao Nguba alikuwa na methali moja tu ya kuwaachia: usipoziba ufa utajenga ukuta. Edouard alishaichukia methali hiyo kama dawa chungu. Aliyeitunga, alisema, hakuwahi kuishi kwenye mteremko wa Bukavu. Hapa ufa hauanzi ukutani. Unaanza chini ya ardhi, na ukiuziba leo kwa sementi, kesho unakuchungulia kutoka upande wa pili.

Nyumba ya jirani yao wa chini, mama Olive, iliondoka wakati wa mvua za mwaka uliopita. Watu wa Nguba hawasemi ilibomoka, wanasema iliondoka, na kweli iliteremka na sufuria zake na kalenda yake ya ukutani kama mtu aliyetumwa maji ziwani. Wenyewe walitoka wazima. Tangu siku ile, mvua ikianza kupiga mabati, Domitille alivaa viatu na kurudi kitandani navyo. Mumewe hakumcheka. Angemchekaje, na yeye mwenyewe alikuwa macho anasikiliza udongo?

Dawa ilikuwa moja tu, kuhama kabla ya mvua za Septemba. Kule Miti, kwenye tambarare, Bulonza binamu ya Domitille alikuwa na kiwanja alichokubali kuwauzia kwa bei ya kindugu, na akaahidi kuwasubiri mpaka mwisho wa Agosti. Pesa ndizo hazikuwapo. Shirika alilolifanyia kazi Edouard tangu ujana lilikuwa limefunga ofisi, wakubwa wakapanda ndege, na yeye akabaki na cheti cha shukrani chenye mhuri mzuri sana. Kilichobaki cha kuuzwa ni gari, Toyota ya kijivu aliyoitunza kuliko alivyoitunza afya yake. Mvua ikinyesha alilifunika turubai, yeye akilowa.

Mwezi wa Machi alimwita Parfait. Parfait ni komisioneri, yaani dalali, na katika mji huu komisioneri ndiye anayejua kila gari lilizaliwa wapi na linaumwa nini. Alilizunguka, akalipiga ngumi za upole mgongoni, akalala chini akachungulia tumbo lake.

"Papa Edouard, hii motokari iko safi. Elfu munane za dola, na mutu nakuletea hii mwezi."

Elfu nane zilitosha kiwanja, na nyumba ya mbao ya kuanzia maisha, na zingebaki za bintiye Laurette, aliyekuwa akimalizia masomo ya sheria. Siku hiyo Domitille aliimba akipika. Kesho yake wakaenda Miti kukitazama kiwanja kwa mara nyingine, maana kitu unachokipata unapenda kukitazama. Wakati wa kurudi, kabla hawajaiacha Miti nyuma, lori la mchanga lililokatika breki likawafuata kwa nyuma, likawakamata ubavuni, likalitupa gari katika shamba la maharage.

Walitoka wazima. Mlango wa kushoto ulikunjwa kama kopo lililokanyagwa, lakini wao hawakupata hata mchubuko, ila Domitille alipoteza kiatu kimoja. Wanawake waliokuwa wakipalilia walipiga magoti palepale kwenye matuta wakasali. Mmoja alikitafuta kile kiatu na hakukiona.

Kusema haki, upande wa bima haukuwasumbua wakati huo. Lori lilikuwa na bima, dereva alikiri kosa, mtaalamu wa kampuni akaja akapiga picha, na gereji ikalipwa kila kitu: mlango mpya, kioo, rangi, hadi taa ambayo haikuvunjika. Gari lilitoka likiwa zuri kuliko lilivyoingia. Parfait mwenyewe alilitazama akasema mtu asiyejua hawezi kujua. Edouard angeyasikia maneno hayo vizuri, angefunga mdomo wake kwa kufuli.

Lakini mtu wa Bukavu akiponea tundu la sindano hanyamazi. Anatoa misa ya shukrani. Domitille alitaka ndogo: nia moja isomwe katika misa ya asubuhi, mshumaa mmoja, watu warudi makwao. Edouard, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya parokia, aliona hiyo ni kumlipa Mungu kwa sarafu zilizotoboka.

"Mungu alituokoa mbele ya batu," alisema, "na tutamushukuru mbele ya batu."

Basi ikawa misa ya Jumapili, ile kubwa. Familia ilishona kitenge kimoja. Gari lilioshwa, likafungwa riboni nyeupe kama la maharusi, likaegeshwa mbele kabisa ya mlango wa kanisa ili kila mtu alipite. Na wakati wa matoleo, baada ya ndizi na kuku na kreti za sukre, ndizo soda, wakaja vijana wanne wakicheza taratibu, wamebeba begani ule mlango uliokunjwa. Hilo lilikuwa wazo la Edouard peke yake. Aliuomba gereji, wakampa kwa kicheko. Kanisa zima lilisimama. Wanawake walipiga vigelegele mpaka padri Raphaël akashindwa kusikia kwaya, na katika mahubiri akasimulia lori lote, breki zote, matuta yote ya maharage, mpaka waliokuwa hawajasikia wakawa kama walikuwapo.

Halafu mlango ukawekwa kwenye groto, pango la mawe la Bikira Maria, nje, kando ya njia, uwe ushuhuda. Watu walipanga mstari kuugusa. Gari likanyunyizwa maji ya baraka, sukre zikanywewa, na Edouard alilia mbele ya watu bila aibu. Mimi simlaumu. Alikuwa na furaha, na furaha haijui kuomba ushauri.

Wiki ile ile Parfait alianza kuleta watu. Wa kwanza alilitazama gari kwa mbali akasema anamsubiri kaka yake. Wa pili aliingia, akawasha, akatabasamu, kisha akauliza: si ndilo la ule mlango? Wa tatu hakuuliza, alitaja tu bei ya chuma chakavu. Hapo ndipo Parfait alipomweka Edouard kando, akamweleza kwa heshima yale ambayo mji mzima ulikuwa ukiyasema tangu Jumapili. Gari si bovu. Gari ni zima kabisa. Ila kifo kilishaingia mle ndani kikatoka mikono mitupu, na kifo hakikubali hasara.

"Batu banasema kilisahau kofia yake mule," Parfait alisema. "Siku moja kitarudia kuikamata. Na hakuna mutu anataka kuwa ndani siku ile."

"Na miye niliye ndani kila siku?"

"Weye ulishaponaka, papa. Ile ni yako na Mungu wako."

Edouard alimwambia huo ni ushenzi. Parfait alikubali kwamba ni ushenzi. Bei haikupanda.

Mwezi wa Juni alipatikana mtu wa mbali, Isidore, mfanyabiashara wa samaki kutoka Uvira, asiyejua groto wala padri. Alikuja na pesa zake mfukoni. Alilizungusha gari mpaka barabara ya juu na kurudi, akashuka akiwa amependa, na uso wa mtu aliyependa unajulikana. Domitille alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya chakula.

"Neno moja, muzee," Isidore alisema. "Hii motokari ilishafanyaka aksida?"

Edouard alifungua mdomo. Mpaka leo hajui ni neno gani lilikuwa njiani, maana kabla halijafika ilisikika sauti kutoka njia ya juu, sauti ya kwanza ya kwaya, ya mama Adélaïde, akitoka sokoni na kikapu.

"Yezu Maria! Hii njo motokari ya muujiza!" Aliweka kikapu chini, akalikumbatia gari kwenye boneti kama anamkumbatia shemeji. "Papa, uko unaiangalia? Iangalie muzuri! Hii iligongwa na lori, ikaruka, ikaanguka, na batu bakatoka bazima! Kama hauamini, wende ku groto, mulango iko pale, uiguse na mukono yako!"

Adélaïde alidhani anamsaidia kuuza. Hilo ndilo lililomuuma Edouard zaidi, kwamba hakuwa hata na mtu wa kumkasirikia. Isidore alishukuru kwa chakula, akala kidogo kwa adabu, akasema atapiga simu.

Jioni ile walikaa watatu mezani na hakuna aliyegusa kitu. Laurette ndiye aliyeanza kusema.

"Papa, kuna kitu banaita depresiasio. Batu ba asiransi ya ile lori balilipa juu ya kutengeneza motokari. Lakini motokari yenye ilishagongwa, hata kama imetengenezwa muzuri, bei yake inashuka. Ile yenye ilishuka, ile nayo ni hasara. Mwenye alikugonga njo analipa."

"Balipe kitu chenye hakionekane?"

"Bei yenye Parfait alitoa mbele ya aksida, inaonekana. Bei ya leo, inaonekana. Katikati yabo njo hasara yako."

Edouard alimtazama binti yake kama anamwona kwa mara ya kwanza, na akaona kwamba karo zote zile hazikupotea. Waliandika barua usiku huohuo. Parfait akatia sahihi kwamba alikisia elfu nane na kwamba sasa hapati hata nusu. Edouard akavaa koti lake la ofisini, lililokuwa halijavaliwa tangu shirika lifungwe, akateremka mwenyewe kwa miguu mpaka Ibanda, kwenye ofisi ya kampuni ile ya bima.

Aliyempokea ni Ulrich. Walijuana. Ulrich alikuwa wa parokia ileile, mkewe alisimama mstari mmoja na Adélaïde katika kwaya, kijana mpole anayesikiliza mpaka mwisho. Alisoma barua mara mbili. Alisema kitu hicho kipo, kweli, ingawa hapa Bukavu hakuna aliyewahi kukiomba, na kwamba yeye hana uwezo wa kuamua, ila ataandika ripoti na kuituma Kinshasa. "Uwe na tumaini, papa," alisema, na Edouard, kwa kuwa aliambiwa, akawa nalo.

Kutumaini ni kazi. Julai nzima aliifanya. Aliamka asubuhi, akalifuta gari vumbi, akateremka Ibanda kuuliza, akapanda mlima kurudi. Ufa ukutani ulipanuka mpaka Domitille akaweza kuingiza vidole, na alikuwa akiviingiza kila asubuhi, kabla hata ya kusali. Bulonza alipiga simu kusema kuna mtu mwingine anakitaka kiwanja, lakini damu ni damu, atasubiri. Agosti ikaingia. Bulonza akapiga tena, na safari hii hakutaja damu.

Jibu lilifika siku chache kabla ya mwisho wa mwezi. Ulrich alimwita ofisini kwa simu, na alipofika akamwonyesha kiti na kusema kwa sauti ya mtu anayetaka yaishe haraka.

"Ikala, papa Edouard."

"Niambie tu nikiwa nimesimama."

"Banasema motokari ilitengenezwa yote. Eksperti aliipima, hakuona kosa hata moja. Kama bei ilishuka, haiko juu ya aksida." Ulrich alikohoa. "Iko juu ya misa."

"Juu ya misa?"

"Publisite, njo vile baliandika. Mwenye mali yeye mwenyewe alitangaza aksida mbele ya batu wote. Bila ile, hakuna mutu angejua, na bei ingebakia pale pale. Basi ile hasara haitoke ku lori. Inatoka kwako."

Edouard alikaa. Alitazama kalenda ya ukutani, feni isiyozunguka, vidole vya Ulrich vilivyokuwa vikipanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Kinshasa iko na masikio marefu vile? Nani aliwaambia mambo ya misa?"

"Ni miye." Kijana hakuinua macho. "Baliniomba ripoti ya kweli. Ningesema nini? Nilikuwa pale, papa. Nilikunywa hata sukre yako."

Ilikuwa kweli, na kweli ile haikuwa na mahali pa kushikia. Edouard alihisi hasira ikimpanda, na kwa mara ya kwanza tangu Machi ikampa akili.

"Muzuri. Motokari haikupoteza kitu. Weye na Kinshasa munasema iko sawa vile ilikuwa. Basi inunue weye. Bibi yako aliambia wangu kama munatafuta motokari. Elfu munane. Hapana, wacha, weye ni mutoto wa parokia. Elfu sita, na uitoe kwangu leo."

Ulrich aliinua macho sasa, na yalikuwa macho ya mtu aliyeshikwa mkono ndani ya chungu.

"Miye? Papa Edouard, usinitie mu mateso. Bibi yangu aliugusa ule mulango na mikono yake. Hata akiwa na uchungu wa kuzaa, hawezi kupanda mule ndani."

"Basi andika ile. Andika vile umesema sasa, utume Kinshasa."

"Siwezi, papa."

"Juu ya nini? Haiko kweli?"

"Iko kweli. Lakini ile ni ya kusema, haiko ya kuandika."

Kila mmoja alimwonea mwenzake huruma isiyosaidia chochote. Mwishowe Edouard alisimama, akafunga vifungo vya koti, na Ulrich akamsindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hakuwa akilifanya kwa wateja. Njiani kurudi, Edouard alipita kwenye groto. Mlango ulikuwa palepale, miguuni pa Bikira, umeanza kutu kwenye mikunjo, na mtu alikuwa ameweka maua mapya. Watu walimpa pole kwa lori, pole tele, pole za wiki nzima. Kwa hili hakuna atakayempa, na alijua kwa nini: mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Domitille alikuwa akimngoja juu ya ngazi. Aliusoma uso wake, akamchukua koti, akalitundika. Hakusema "nilikuambia." Edouard angefurahi kama angesema. Usiku alimwomba aseme, na yeye akajibu tu, "Lala, papa Laurette."

Mwisho wa Agosti Bulonza aliuza kiwanja. Alipiga simu mwenyewe kuwaambia, akalia, na Domitille ndiye aliyembembeleza.

Mvua ya kwanza kubwa ya Septemba ilikuja saa tisa ya mchana, na hilo peke yake tulihesabu kuwa rehema. Ulianza mlio kama wa kitambaa kinachochanwa. Domitille alikuwa na viatu miguuni. Alimvuta Laurette, Laurette akamvuta baba yake, wakapanda ngazi za udongo kwa mikono na magoti mpaka barabara ya juu ambako, tangu ufa ulipopanuka, gari lilikuwa likiegeshwa chini ya turubai lake. Walipogeuka, nyumba ilikuwa ikiondoka. Haikuwa na haraka. Paa liliinama upande mmoja, sebule ikaonekana kwa ndani, meza, picha ya ndoa, cheti cha shukrani chenye mhuri, kisha udongo ukafunika, na pakawa pametulia.

Waliingia garini kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuingia. Kiti cha nyuma kwa Laurette, vya mbele kwa wazee. Mvua ilipopungua majirani walijaa barabarani, wakawahesabu kwa vidole kupitia vioo, wakaona wametimia. Vijana wa jirani walishuka kwenye tope wakaokota walichoweza: sufuria mbili, godoro lililolowa, na mlango wa mbele wa nyumba, mzima na kitasa chake. Waliuegemeza kwenye gari.

Mama Adélaïde alifika akikimbia, kitenge kimelowa, mikono juu. Alishika ukingo wa kioo cha Edouard, kilichokuwa wazi nusu, akausogeza uso wake akilia machozi ya kweli.

"Batatu bote! Bazima! Mara ya pili, papa Edouard, mara ya pili! Mungu eko anakupenda weye kupita siye wote! Hii misa itapita ile ingine!"

Na kupitia machozi yale Edouard aliona macho yake yakihama, yakishuka taratibu, yakitua juu ya ule mlango wa nyumba ulioegemezwa, na kuupima kwa urefu na kwa uzito. Vijana wanne wangetosha.

Alipandisha kioo. Alikipandisha polepole, asimwumize vidole, mpaka sauti ya Adélaïde ikawa mbali. Ndani palikuwa na joto na harufu ya nguo mbichi. Laurette alikuwa amejikunja nyuma, ameziba masikio. Edouard alimgeukia mkewe atafute neno, lolote, na akamkuta ameinama mbele ya kiti, anahangaika na kitu gizani miguuni.

Domitille alikuwa anavua viatu. Alivua kimoja, akavua cha pili, akavipanga vizuri kando ya mlango kama mtu aliyefika nyumbani. Hapakuwa tena na cha kukikimbia.

Kisha akaegemeza kichwa kwenye kile kiti ambacho mji mzima uliogopa kukikalia, akalala.